Sura ya Tano: Kabla ya Kupiga Window

Kompyuta nyingi zinazofikishwa kwa fundi zikisemekana zimekufa, hazijafa. Zimekwama katika zile sekunde chache kati ya kubonyeza kitufe cha kuwashia na kutokea kwa ukurasa wa kuingilia. Diski ni nzima, kumbukumbu ni nzima, na kazi za mwenye mashine ziko palepale alipoziacha. Kilichoharibika ni mpangilio wa kuwasha, yaani maagizo machache yanayoiambia mashine ianzie wapi na imwite nani. Asiyeujua mpangilio huo hufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya, jambo ambalo mafundi huliita kupiga window. Anayeujua hubadilisha neno moja, akawasha tena, na kazi ikaendelea.

Tuitazame Kimironko. Ni sekta ya wilaya ya Gasabo, jijini Kigali, ambayo wageni huifahamu kwa soko lake la mboga, matunda, vitenge na mafundi cherehani, na wenyeji huifahamu pia kwa kituo chake cha mabasi. Kwenye barabara inayokuja kutoka Remera kulikuwa na KIE, chuo cha ualimu kilichoanzishwa mwaka 1999 na kuunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013. Mahali penye soko, kituo cha mabasi na wanafunzi hapakosi kompyuta: ya duka la jumla inayotunza hesabu, ya steshenari inayochapa barua za kuomba kazi, ya mwanafunzi aliyefikia sura ya tatu ya tasnifu yake. Penye kompyuta hapakosi fundi, na mbele ya meza ya fundi mazungumzo huenda hivi, kama yanavyokwenda Kariakoo au Goma:

“Fundi, imekataa kuwaka. Inaleta maandishi meupe tu.”

“Hii nipige window, dada. Jioni unaichukua.”

“Na kazi zangu?”

“Kwani hukuweka bekapu?”

Hapo mwenye kompyuta hunyamaza, kwa sababu hakuweka. Fundi naye si mtu mbaya. Alifundishwa dawa moja inayotibu karibu kila ugonjwa, tena haraka, na foleni ni ndefu. Hoja ya sura hii ni kwamba dawa hiyo inapaswa kuwa ya mwisho, si ya kwanza. Ili iwe ya mwisho, fundi na mwenye mashine wanapaswa kujua kompyuta huamka vipi.

Nani anamkabidhi nani

Kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana vijiti. Hakuna programu moja inayoifanya kazi yote. Kila mkimbiaji hukimbia kipande chake, akamkabidhi anayefuata, kisha akatoka uwanjani. Kijiti kikianguka, la kuuliza ni nani alikuwa nacho mara ya mwisho.

Mkimbiaji wa kwanza hakai kwenye diski. Amechomwa katika chipu iliyo kwenye madabodi. Katika kompyuta ya IBM iliyotolewa Agosti 1981 aliitwa BIOS, na jina hilo limebaki midomoni mwa mafundi hata pale ambapo aliyemo ndani ni mwingine kabisa. Kazi yake ni kukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha kutafuta mahali pa kuanzia.

Katika mashine za zamani, mahali hapo palikuwa pembamba mno. BIOS ilisoma kipande cha kwanza cha diski, chenye baiti 512 tu. Baiti 64 kati ya hizo ni jedwali la patisheni, baiti 16 kwa kila moja, ndiyo maana diski za mtindo ule zilikubali patisheni kuu nne na si zaidi. Baiti 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba hapo pana kitu cha kuwashia. Zinabaki 446. Humo ndimo mkimbiaji wa pili, butiloda, alipaswa kuanzia. Aya hii unayoisoma, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, ina alama zaidi ya hizo.

Butiloda ndiyo programu inayojua mfumo endeshi uko wapi na unaitwaje. Windows ina ya kwake. Linux kwa kawaida hutumia GRUB, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Erich Boleyn alipokuwa akijaribu kuwasha mfumo wa GNU Hurd, na ikaingizwa rasmi katika mradi wa GNU mwaka 1999 kwa kazi ya Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji. Kwa kuwa haikutosha katika baiti 446, iligawanywa: kipande kidogo huketi mwanzoni mwa diski, na kazi yake pekee ni kukiita kipande kikubwa kilichohifadhiwa mbele zaidi. Kumbuka mgawanyo huo, maana ndio chanzo cha maandishi meupe ambayo dada yule ameyaona.

Mashine za leo zimepata mkimbiaji wa kwanza aliye bora zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Intel ilibuni mfumo mpya kwa ajili ya kompyuta zake kubwa za Itanium, na mwaka 2005 kampuni kadhaa zikaunda jumuiya ya kuusimamia kwa jina la UEFI. Huu hausomi baiti 512 kwa upofu. Unafungua patisheni ndogo maalumu ya kuwashia, unakuta humo folda ya EFI, na ndani yake folda ya Microsoft, au ya ubuntu (mojawapo ya mifumo ya Linux), au zote mbili. Orodha ya nani aitwe kwanza imeandikwa kwenye chipu ya madabodi. Kwa hiyo siku hizi mifumo miwili hukaa kwenye diski moja bila mmoja kumfuta mwenzake, na kinachogombewa ni nafasi ya kwanza kwenye orodha.

Hapo pana tatizo la kwanza ambalo fundi anaweza kulimaliza bila kufuta chochote. Mtu ana Windows na Ubuntu. Windows inasasishwa, na asubuhi Ubuntu haionekani. Haijafutwa, imesogezwa chini kwenye orodha. Washa mashine huku ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia, ambacho ni F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, na F9 au Esc kwenye HP, kisha uichague Ubuntu kwa mkono. Ikiwaka, umethibitisha kwamba wakimbiaji wote ni wazima. Kilichobaki ni kuingia kwenye mipangilio na kuirudisha juu.

Betri ndogo ya duara

Kabla hatujafika kwenye butiloda yenyewe, tukague kosa linalotendwa kwa nia njema: kurudisha mipangilio ya BIOS kama ilivyotoka kiwandani. Wengi huamini kwamba kufanya hivyo hakuwezi kudhuru. Kunaweza.

Laptopu nyingi za Dell, kwa mfano, hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa diski isomwe kwa utaratibu wa RAID. Aliyeiandaa mashine kwa mara ya pili, kabla haijauzwa kama mtumba, huenda aliibadilisha iwe AHCI kisha akaweka Windows juu yake. Siku mipangilio inaporudishwa ya kiwandani, diski inaanza kusomwa kwa njia ambayo Windows haikuizoea. Skrini inakuwa ya buluu na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kwa macho ya haraka diski imekufa. Kwa kweli hakuna hata faili moja iliyoguswa; rudisha AHCI, washa, na Windows itaamka kama kawaida.

Mabadiliko hayo huweza kutokea hata bila mtu kuyafanya. Kwenye madabodi nyingi kuna betri ya duara, aina ya CR2032, inayotunza saa na, hasa katika mashine za zamani, mipangilio ya kuwasha. Kompyuta ya mtumba iliyokaa ghalani miaka kadhaa huwa na betri iliyokwisha. Kila ikichomolewa kwenye umeme inasahau tarehe na mpangilio wa kuwasha, na mwenye nayo anaona tovuti za benki na za barua pepe zikimkatalia, kwa sababu kompyuta inadhani bado tuko miaka ya nyuma ambapo vyeti vya usalama vya tovuti hizo havijaanza kutumika. Mteja analalamikia intaneti, kumbe tiba ni betri mpya.

Saa ina kisa kingine kwa wanaotumia mifumo miwili. Linux huiandika saa ya madabodi kwa wakati wa dunia, ule wa UTC. Windows huisoma saa hiyohiyo kama wakati wa hapa ulipo. Kigali iko saa mbili mbele ya UTC. Ndiyo maana mtu akitoka Ubuntu saa tatu asubuhi na kuingia Windows, anaweza kukuta imeandikwa saa moja. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tofauti huwa saa tatu. Si ugonjwa wa madabodi. Ndani ya Ubuntu andika amri hii mara moja, na ugomvi utakwisha:

timedatectl set-local-rtc 1

Faili moja, mistari michache

Sasa tufike kwa GRUB. Watu huiogopa kwa sababu ya skrini yake nyeusi, lakini mipangilio yake ya kawaida imo katika faili moja fupi, /etc/default/grub. Ukiifungua kwenye Ubuntu unakuta mistari ya namna hii:

GRUB_DEFAULT=0
GRUB_TIMEOUT_STYLE=hidden
GRUB_TIMEOUT=0
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash"

Mstari wa kwanza unasema nani awashwe usipochagua. Kuhesabu kunaanzia sifuri, kwa hiyo 0 ni wa kwanza kwenye menyu na 2 ni wa tatu. Tarakimu ina udhaifu wake: ukija usasishaji ulioongeza mstari kwenye menyu, aliyekuwa wa tatu anakuwa wa nne, na kompyuta ya ofisi inawaka mfumo usiotakiwa. Palipo na watumiaji wengi, ni salama zaidi kuandika saved mahali pa tarakimu na kuongeza mstari GRUB_SAVEDEFAULT=true, ili mashine ikumbuke chaguo la mwisho.

Mstari wa pili na wa tatu unahusu menyu: ionekane au ifichwe, na isubiri sekunde ngapi. Sifuri humfurahisha mwenye haraka, lakini siku ya matatizo inamnyima mlango. Mimi huandika menu kwenye mstari wa pili na 5 kwenye wa tatu, na ninamshauri kila fundi afanye hivyo kwenye mashine ya mteja. Sekunde tano kila asubuhi ni bei ndogo kwa mlango ulio wazi. Aliyefichiwa menyu ajue kwamba ataiita kwa kushikilia Shift kwenye mashine za BIOS ya zamani, au kwa kugusa Esc kwenye za UEFI.

Mstari wa nne ndio wenye siri nyingi. Yaliyomo ndani ya alama za nukuu ni maagizo ambayo butiloda humpa kiini (kernel) cha Linux wakati wa kumkabidhi kijiti. Neno quiet linamwamuru asiseme anachofanya. Splash linaonyesha nembo badala ya maelezo. Ondoa yote mawili, na mashine itakuandikia kila hatua inayopiga. Ikikwama, mstari wa mwisho kwenye skrini utakuonyesha ilipokuwa. Skrini ikibaki nyeusi kwa sababu kadi ya picha haielewani na Linux, ongeza nomodeset, na mara nyingi utaona kitu.

Ukishahariri, hujamaliza. Faili hii ni ya maelekezo tu. Ile ambayo GRUB huisoma inapowasha ni nyingine, /boot/grub/grub.cfg, na huandikwa upya kwa amri:

sudo update-grub

Wanaosahau hatua hii huwasha tena, wasione mabadiliko, wakadhani wamekosea, kisha wakabadilisha mambo mengine ambayo hayakuwa na shida. Wengine huhariri grub.cfg moja kwa moja. Usasishaji unaofuata unaandika juu ya kazi yao. Lipo na jambo la tatu linalowatesa wengi tangu toleo la GRUB 2.06 la mwaka 2021: kwa sababu za kiusalama, GRUB iliacha kutafuta mifumo mingine yenyewe. Windows ikitoweka kwenye menyu, ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye faili ya maelekezo, rudia amri, na itarudi.

Kanuni moja ningeibandika ukutani katika kila karakana: jaribu kwanza bila kuandika. Menyu ya GRUB ikiwa mbele yako, bonyeza herufi e. Utafunguliwa maagizo ya mfumo uliouchagua. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza au ondoa unachotaka mwishoni mwake, kisha bonyeza Ctrl na x. Mashine itawaka kwa maagizo hayo mara moja tu. Umekosea? Zima, washa, na kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa. Umepatia? Ndipo sasa uandike kwenye faili. Kifaa kinachokuruhusu kukosea bila gharama ni nadra katika ufundi wa kompyuta, na hiki kimewekwa mkononi mwa kila mtu bure.

Umeme ulipokatika katikati

Chukua hali ambayo kila mji wetu unaijua. Ubuntu inasasisha kiini chake, umeme unakatika, na betri ya laptopu ni ile ya mtumba isiyoshika chaji. Umeme unarudi na mashine inakataa kuwaka.

GRUB ya Ubuntu huweka alama kila jaribio la kuwasha lisipokamilika. Safari inayofuata inaonyesha menyu hata kama ilikuwa imefichwa, na inasubiri sekunde 30. Itumie nafasi hiyo. Ingia kwenye mstari wa Advanced options, na utaona viini vimepangwa kwa namba za matoleo. Kile cha jana bado kipo. Kichague. Mashine ikiwaka, malizia usasishaji uliokatika kwa amri sudo dpkg --configure -a, na kazi imekwisha. Ni kwa ajili ya siku kama hiyo Ubuntu haifuti kiini cha zamani papo hapo, na ni kwa sababu hiyo anayekifuta kwa mkono ili kupata nafasi kidogo ya diski anajinyima akiba.

Tuyarudie sasa yale maandishi meupe. Kwenye mashine ya BIOS ya zamani mara nyingi husomeka hivi:

error: unknown filesystem.
grub rescue>

Mara nyingi chanzo ni mtu aliyeingia Windows, akaona patisheni asizozitambua, akazifuta au kuzigawa upya ili apate nafasi. Kipande kidogo cha GRUB kimebaki mwanzoni mwa diski, kinakiita kikubwa, na kikubwa hakiko pale kilipokuwa. Kama patisheni ya Linux ilisogea tu bila kufutwa, kibodi inatosha. Andika ls, na utaorodheshewa patisheni. Ziulize moja moja mpaka upate yenye folda ya boot:

ls (hd0,msdos5)/boot/grub

Ukiipata, mweleze GRUB mwenzake yuko wapi:

set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu itafunguka. Baada ya kuingia, andika sudo grub-install /dev/sda kisha sudo update-grub, ili njia hiyo mpya iwe ya kudumu. Jina la diski lithibitishe kwanza kwa amri lsblk. Usiandike sda kwa mazoea.

Na kama patisheni ya Linux imefutwa kweli? Basi Windows bado ipo. Kilichobaki ni kumrudisha mkimbiaji wa Windows mahali pake kwa flashi ya Windows, kupitia sehemu ya kurekebisha na si ya kusakinisha: bootrec /fixmbr kwenye mashine za zamani, na bcdboot C:\Windows kwenye za UEFI baada ya kuhakikisha kwamba C ndiyo patisheni yenyewe. Hesabu za duka na tasnifu, kama zilihifadhiwa upande wa Windows, hazijaguswa.

Kufuli kwenye mlango wa kwanza

Anayeshika sekunde za kwanza ameishika mashine nzima, na Rwanda ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Mwaka 2008 nchi iliingia kwa nguvu katika mpango wa laptopu moja kwa kila mtoto, na katika miaka iliyofuata zaidi ya mashine laki mbili za XO, zile za kijani na nyeupe, zikaingia shule za msingi. Mkimbiaji wa kwanza wa XO hakuwa BIOS ya kawaida. Alikuwa Open Firmware, kazi ya Mitch Bradley, iliyoandikwa kwa lugha ya Forth. Mpango wa usalama ulioitwa Bitfrost, ulioandaliwa na Ivan Krstić mwaka 2007, uliiwezesha mashine kukataa mfumo wowote usio na saini inayotambulika, ili iliyoibwa isiwe na faida sokoni. Aliyetaka kufungua kufuli hiyo kwa haki aliomba ufunguo maalumu wa mashine yake, faili iitwayo develop.sig, akaiweka mahali pake, na ndipo angeweza kuandika disable-security.

Wazo lilikuwa jema na lenye heshima: kumlinda mtoto dhidi ya mwizi, na papo hapo kumpa mwenye mashine njia ya wazi ya kuwa bwana wa mashine yake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, karibu kila kompyuta mpya imekuja na kufuli ya aina hiyo, inayoonekana kwenye mipangilio kwa jina la Secure Boot. UEFI hukagua saini ya butiloda kabla ya kuikabidhi kijiti. Ubuntu na ndugu zake hupita kwa kutumia programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa saini na Microsoft.

Kufuli nazo zina nyufa. Desemba 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Valencia, Hector Marco na Ismael Ripoll, walionyesha kwamba nenosiri la GRUB lilivukwa kwa kubonyeza kitufe cha kufutia mara 28. Julai 2020 ulitangazwa udhaifu mwingine, BootHole, ulioruhusu faili ya grub.cfg yenyewe kugeuzwa mlango wa wizi. Mianya yote miwili ilizibwa kwa masasisho, na hiyo ndiyo sababu butiloda nayo inahitaji kusasishwa kama programu nyingine yoyote.

Lakini sasisho nalo laweza kumfungia nje mwenye nyumba. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows lililokusudiwa kuzikataa butiloda za zamani zenye udhaifu. Halikupaswa kuzigusa kompyuta zenye mifumo miwili, lakini ziko nyingi ambazo halikuzitambua. Wenye nazo waliwasha Linux wakakuta maneno “SBAT self-check failed”, kisha mashine ikazimika. Tiba ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kuingia Ubuntu, kuandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha tena, kisha kuirudisha Secure Boot. Aliyepiga window upya siku ile alifuta mfumo mzima kwa kosa la mstari mmoja.

Hapa natoa onyo ninalotaka lisomwe mara mbili. Laptopu nyingi mpya za Windows huifunga diski kwa BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha Secure Boot au mpangilio wa kuwasha, inaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa mashine. Upate kwanza, uandike kwenye karatasi, ndipo uguse mipangilio. Bila ufunguo huo, hakuna fundi wa Kimironko wala wa Microsoft kule Redmond atakayeifungua diski.

Kwa nini ni sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache. Laptopu za kizazi cha nne, cha tano na cha sita, ambazo ndizo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anazimudu, zimeachwa nje ya mstari huo. Nyingi ni imara, na zikipewa SSD na Linux zinaweza kufanya kazi miaka mingine mingi. Kwa hiyo GRUB itazidi kuonekana kwenye meza za mafundi, mara nyingi ikiwa pamoja na Windows ambayo mwenye mashine hayuko tayari kuiacha.

Fundi anayejua dawa moja tu atazidi kuwafutia watu kazi zao. Anayejua mnyororo wa kuwasha atafuata utaratibu mwingine, na nauandika hapa ili mteja naye aweze kuudai. Kwanza, soma skrini na uipige picha kwa simu kabla hujazima. Pili, fungua menyu ya kuwashia uone kama diski na mifumo inaorodheshwa. Tatu, washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha, na unakili faili za mteja kwenye diski ya nje. Nne, piga picha mipangilio ya BIOS kabla ya kugusa chochote, hasa namna diski inavyosomwa, Secure Boot, na nani ni wa kwanza. Tano, badilisha kitu kimoja tu, washa, tazama, kisha ndipo ubadilishe kingine. Hayo yote yakishindikana, na faili zikiwa salama kwenye diski ya nje, piga window, na uipige kwa moyo mweupe.

Vyuo vyetu vya ufundi, Rwanda na majirani zake, hufundisha kusakinisha mfumo. Ningependa vifundishe kuwasha kabla ya kusakinisha: mwanafunzi apewe mashine isiyowaka, na afaulu pale tu atakapoiamsha huku kila faili ikiwa mahali pake. Mashine ya mtumba ikiharibika, nyingine ipo sokoni. Tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za miaka mitatu za duka na picha za marehemu baba haziuzwi popote, na fundi aliyepokea kompyuta mezani kwake amekabidhiwa vitu hivyo kwanza, kompyuta baadaye.